Mwaka Niliporuka Jina

Wasifu wa Ma Adela ulisomwa na kijana wa kanisani aliyevaa suti iliyomzidi mabega. Alipofika kwenye watoto alisema tu, "Marehemu ameacha watoto wawili," akaendelea na wajukuu. Papo hapo shingo zikaanza kugeuka chini ya turubai. Mtoto mmoja walimwona: Koku, amekaa mbele karibu na jeneza, shavu limeegemea kiganja. Wa pili walimtafuta kama watu wanaotafuta mbuzi mnadani, wanatazama mapaji ya nyuso, wanatazama masikio, mpaka macho yakafika safu ya nyuma, karibu na masufuria ya wapishi, kwa mwanamume mmoja mwenye kofia ya kufuma. Hapo yakatulia. Hakuna aliyekuwa ametaja jina, na hakuna aliyebaki bila kujua. Mimi nilikuwa nimetoka Kahama alfajiri na mfuko wangu mmoja, nimekaa safu hiyo hiyo ya nyuma, na badala ya huzuni nikajikuta nimepandwa na hasira. Nyumba hii haijabadilika, nikasema moyoni. Bado wanaficha jina la mtu ili watu wote walione vizuri.

Tuliporudi kutoka makaburini, wakati wa chakula, yule mwenye kofia alikuja na sahani yake akakaa kiti kilicho karibu nami. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi, lakini bado alikuwa na ile namna ya kukaa kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Wewe si ndiye Kabula?" akaniuliza. "Uliyekuwa unamsomea mzee?"

"Ndiye mimi."

"Nilikuona siku moja tu, pale mwaloni kwa wavuvi. Sijakusahau." Akamega ugali, akauacha mkononi. "Nina swali moja, na sijawahi kupata mtu wa kumuuliza. Koku hasemi. Mama nilimwogopa, na sasa mama hayupo. Baada ya siku ile, mzee aliwahi kunitaja?"

Nilimwambia ale kwanza. Nilihitaji muda. Jibu lilikuwepo, ila halikuwa la ndiyo wala la hapana, na sikuweza kulitoa bila kuutoa mwaka mzima.

Katika nyumba ile niliishi mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza kumi na tisa. Tangu hapo nimeishi Nansio, Mpanda, Tunduma, Geita, nimeuza vitenge, nimesimamia nyumba za wageni, nimepika mgodini, na nyumba nyingi nilizolala sikumbuki hata rangi ya milango yake. Ile ya Nyakato naikumbuka kwa pua. Upepo ukitoka upande wa viwanda vya samaki, harufu ya mapanki, yale mabaki ya samaki waliokwisha kutolewa minofu, iliingia sebuleni ikakaa kwenye vitambaa vya makochi kama mgeni asiye na kwao. Watu wakisimulia ujana wao huutia sukari. Mimi nakumbuka chai ile ilikuwa chungu, na sioni sababu ya kuiongezea kitu leo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kisesa kwa matokeo ya kutia aibu, nikitaka kurudia mtihani. Koku, aliyekuwa karani wa benki mjini, alitafuta binti wa kumsaidia mama yake kazi za ndani na kumsomea baba yake magazeti. Baba huyo ni Mzee Kaijage, Mhaya, mkaguzi wa shule mstaafu, ambaye walimu wa wilaya kadhaa walikuwa wakiijua pikipiki yake kwa mlio. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Madaktari walitaka kumpasua, naye akasema hajaona daktari ambaye angempa hata cheti cha kuchanja kuku.

Siku ya kwanza alinipokea akiwa kwenye kiti chake cha mbao, mdomoni anatafuna kahawa kavu kama wanavyotafuna kwao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Jina?"

"Kabula."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Umefaulu?"

"Hapana, babu. Nitarudia."

Akageuza uso upande aliodhani binti yake amesimama. "Koku, umeniletea debe lililotoboka nichotee maji."

"Baba," Koku akajibu bila kuinua macho kwenye mkoba wake, "madebe mazima yana kazi zao."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, na hivyo ndivyo walivyopendana, kama lile lilikuwa pendo. Sebule ilikuwa na kabati la vyombo visivyotumika, redio iliyofunikwa kitambaa, na kalenda ya kanisa iliyotundikwa juu mno, mahali ambapo hata mrefu asingeweza kusoma tarehe. Nilipopanda kiti kufuta vumbi niliona kwa nini. Nyuma ya kalenda kulikuwa na picha ya familia, na kalenda ilitosha kumfunika mtu mmoja tu, kijana aliyesimama pembeni.

Kanuni ya nyumba nilipewa jikoni, jioni hiyo hiyo. Ma Adela alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usimshike. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti, lakini maneno yake hayakuwa na mlango wa nyuma.

"Utakaposoma," akasema, "ukikutana na jina la Godfrey, usilisome."

"Niseme nini, mama?"

"Sema mtu mmoja."

"Hata akiwa waziri?"

"Waitu! Hata akiwa malaika."

Godfrey alikuwa mtoto wao. Alikuwa chuo cha ualimu, baba yake ndiye aliyemtafutia nafasi, naye akaacha chuo kabla ya kumaliza, akavuka maji kwenda Kamanga kuuza dagaa, akaishi na mjane aliyemzidi umri aitwaye Mama Shamsa. Mzee hakumlaani wala hakumpiga. Alitangaza tu mezani kwamba jina lile halitatamkwa tena chini ya bati lake, akaomba chumvi. Haya niliyaokota vipande vipande, kimoja kwa Koku akiwa na hasira, kingine kwa mama yake akidhani nimelala, na nilipoyaunganisha nilikuwa tayari nimeshaliruka jina lile mara nyingi.

Kumsomea mzee yule ilikuwa kazi ya jasho. Alitaka kusomewa alasiri, akiisha kulala kidogo, na hakukubali sentensi ipite bila kuikagua. Magazeti yana tabia ya kumpa mtu mmoja majina mengi. Juu wanamwita kwa jina lake, chini yake anakuwa mbunge huyo, chini zaidi anakuwa kiongozi huyo, na mwisho anakuwa yeye tu. Msomaji mvivu hupita akidhani wamekuwa watu wanne. Mzee alinikatiza kila hatua. "Kiongozi huyo ndiye nani? Mbunge au mkuu wa mkoa?" Nikirudi juu kutafuta, anagonga mkono wa kiti. "Usirudi! Ulipaswa kuja naye. Ukiingia nyumba ya pili, mtu uliyetoka naye nyumba ya kwanza yuko wapi? Umemwacha njiani?" Nikikosea aliniambia kwamba Wasukuma tunajua kuhesabu ng'ombe tu, kwa hiyo nimhesabu mbunge kama ng'ombe. Nilimchukia. Namchukia kidogo hata sasa ninapoandika. Lakini nilijifunza kwamba jina ni mwanzo tu wa kumjua mtu kwenye habari, na kazi kubwa huja baada yake: kumshika, kujua huyu ni yule yule ingawa amebadilishwa nguo, na kujua pia ni wakati gani mwingine ameingia bila hodi. Nilijifunza kwamba tunamtambua kwa yale tuliyokwisha kuyaamini juu yake. Ukisikia "alikamatwa", unamtazama kwanza uliyekuwa unamshuku.

Na Magodfrey walikuwa wengi mno nchi hii. Mwaka ule kulikuwa na mwamuzi wa mpira, diwani wa sijui wapi, mkulima bora wa pamba, na fundi aliyeng'atwa na mamba akapona, wote Godfrey. Nilisoma: "Mtu mmoja alipuliza kipenga cha mwisho." Nilisoma: "Mtu mmoja alishukuru wapiga kura wake." Koku akiwepo alikuwa anatoka nje kucheka, kisha anarudi na kuninong'oneza, "Mtangazaji, leo mtu mmoja ameshinda au ameshindwa?" Lakini mimi nilikuwa karibu na kiti, na niliona jambo ambalo yeye akicheka nje hakuliona. Nikisoma Juma, Petro, Masanja, taya la mzee liliendelea kutafuna kahawa. Nikisema mtu mmoja, taya lilisimama. Lilisimama mpaka habari ile iishe, awe diwani, awe fundi wa mamba. Jina lile lingesomwa lingepita na watu wake. Kwa kulikataza, mzee alikuwa amejifungia chumbani na mtoto wake, kila siku, alasiri.

Siku nyingine "mtu mmoja" hakuwa wangu bali wa gazeti lenyewe, maana magazeti nayo hupenda neno hilo, mtu mmoja afa, mtu mmoja akamatwa. Hapo mzee aliuliza kwa ukali, "Yupi?" Nami nikajibu, "Mwizi wa baiskeli, babu, wa huko Magu." Taya likaendelea. Tulikuwa tumezoea hivyo, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja swali lile halitakuwa na jibu.

Jikoni napo palikuwa na gazeti lake. Jioni moja Koku alirudi kazini na furushi la dagaa, wakubwa wakavu wasio na mchanga, akaliweka mbele ya mama yake.

"Idrisa anakusalimu," akasema.

"Idrisa ndiye nani?" Ma Adela akauliza, tayari mkono umeshaingia kwenye furushi.

"Mama."

"Nakuuliza, Idrisa ndiye nani? Mimi sina mtu..." Akawatazama wale dagaa. Mkono ukabaki humo humo. "Tangu lini?"

"Tangu amuoe Mama Shamsa. Wamefunga ndoa msikitini. Jina la Godfrey ameliacha huko huko kwenye boti."

Ma Adela hakulia. Alinusa dagaa, akasema wamekaushwa vizuri, kisha akatugeukia wote wawili, na mimi nikiwemo kwa mara ya kwanza. "Hili halivuki mlango huu. Atakufa." Basi wanawake watatu tukawa na jina, na mzee akabaki analinda jingine ambalo mwenye jina alikwisha kulitupa. Alikula dagaa wale mwezi mzima akilalamika kwamba Adela amezidisha ndimu.

Ilikuwa msimu wa mvua. Ma Adela alikuwa kwenye umoja wa wanawake kanisani, Koku kazini, nyumbani tulikuwa wawili. Nilisoma ukurasa wa mikoani kama kawaida. "Mwili wa mtu mmoja ambaye jina lake halikufahamika," nikasoma, "umekutwa ukielea majini karibu na mwalo wa Kamanga."

Taya likasimama. Nikamaliza habari, nikaanza nyingine ya bei ya pamba, na taya halikuanza.

"Rudi," akasema. "Yupi?"

"Haijaandikwa, babu. Hakufahamika jina."

"Nakuuliza yupi."

"Babu, gazeti lenyewe ndivyo linavyosema."

"Na yule aliyepuliza kipenga, gazeti lenyewe lilisema mtu mmoja?" Aliinama mbele, macho yake meupe yakiniangalia begani. "Unadhani mimi mtoto? Miezi yote hii mnanipitishia mtu nyuma ya pazia, mnadhani sisikii miguu yake. Soma jina."

"Hakuna jina, babu! Naapa. Nimwite jirani aje asome?"

"Jirani asiingie humu." Akasimama. Ukitaka kujua ukaidi, ungemwona mzee yule akitafuta viatu kwa mkono chini ya kiti, akikataa nimpe. "Ningekuwa nimekuajiri useme kweli ningekuamini. Nimekuajiri useme mtu mmoja. Nenda kaite teksi."

Teksi ilitufikisha kivukoni. Kwenye kivuko alikataa benchi, akasimama ameshika chuma cha pembeni, koti la ukaguzi limefungwa vifungo vyote, na wenye baiskeli na matenga walimzunguka kwa heshima wakidhani ni mtu wa serikali. Nilitaka kumwambia. Nilifikiri: nikisema mwanao siku hizi ni Idrisa, na kama ndiye aliyekufa, nitakuwa nimemuua mara mbili kwa pumzi moja. Nikakaza mdomo. Mvua ilikuwa imeacha, ziwa limekuwa la rangi ya chai ya maziwa.

Kamanga, pale mwaloni, wanawake walikuwa wakianua dagaa waliolowa. Mzee alisimama katikati yao, akauliza kwa sauti ya darasani, "Yuko wapi maiti aliyekutwa hapa?"

"Yule alishapata wenyewe, mzee," mwanamume mmoja aliyekuwa akishona nyavu akajibu. "Ndugu zake wamekuja kutoka Kome, wamemchukua jana. Mvuvi. Wewe ni wa kwao?"

Nilimwona mzee akipumua, bega likishuka chini ya koti. Angeweza kugeuka pale pale, kivuko kilikuwa bado kinashusha watu, na siri yake ingebaki yake. Badala yake alipangusa midomo, akasema lile neno. Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu jino lililokuwa linauma.

"Namtafuta Godfrey."

"Godfrey yupi?"

"Godfrey Kaijage. Anauza dagaa hapa."

Wakatazamana. Hapa hakuna Godfrey, wakasema. Kulikuwa na Godfrey fundi wa injini, akahamia Buchosa. Mzee akalisema tena, kwa nguvu zaidi, akilitupa jina lile huku na huku mwaloni, na kila alipolitupa liliangukia mchangani pasipo mtu wa kuliokota. Akaanza kumweleza: mrefu, paji pana, mkaidi. Akaeleza mpaka akaishiwa, kwa sababu kijana aliyekuwa anamweleza alikuwa na miaka ishirini na hakuwepo tena popote. Ndipo mama mmoja mnene aliyekuwa amekaa juu ya gunia akaangua kicheko.

"Jamani, hebu mtazameni mzee huyu anavyosimama. Si kama Idrisa anapodai kilo zake? Muiteni Idrisa!"

"Mimi simjui Idrisa," mzee akasema.

"Hata kama humjui, sura mmegawana. Idrisaaa!"

Alikuja kutoka kwenye kibanda akiwa na mizani mkononi, kofia kichwani. Alipotuona aliiweka mizani chini polepole.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliijua sauti. Nilimshika mkono na nikahisi ameijua. Marahaba hakuitoa.

"Hapa wanakuita nani?"

"Idrisa."

"Nimevuka maji kuja kumzika Godfrey."

"Godfrey ulimzika nyumbani kwako, baba. Huku hatujawahi kumwona."

Mama Shamsa alitoka na kiti cha plastiki, akakipangusa kwa upande wa khanga. "Karibu ukae, baba mkwe."

"Mimi si mkwe wa mtu."

"Basi kaa kama mteja," akamjibu, na watu wakacheka, na kwa nukta moja niliona mdomo wa mzee ukitaka kucheka nao. Ukakataa. Alikigusa kile kiti kwa fimbo, akakipima kama anayekagua dawati, kisha akageuka upande wa honi ya kivuko. Idrisa hakumfuata. Alisimama na mikono yake, na yeye pia mkaidi, wa paji lile lile.

Tulipokuwa katikati ya maji mzee alisema, "Wewe ulijua."

"Nilijua, babu."

"Na mama yake."

"Ndiyo."

"Na Koku."

"Ndiyo."

"Basi katika nyumba ile asiyejua kusoma nilikuwa mimi." Na usiku hakuna aliyeulizwa kitu. Zililetwa ndizi na dagaa. Mzee akauliza dagaa hawa ni wa soko gani, Ma Adela akasema sokoni, akauliza tena soko gani, na kijiko cha Ma Adela kikasimama hewani. Mzee akala. Akasema chumvi ni nyingi.

Kesho yake alasiri, mwamuzi wa mpira alikuwa amerudi gazetini. Nikasoma, "Mtu mmoja..." naye akanyanyua kidole.

"Soma jina."

"Babu?"

"Una kidonda mdomoni? Soma."

Nikasoma: Godfrey. Kutoka jikoni nikasikia sinia likianguka. Mzee akatafuna kahawa yake. "Endelea. Huyo ni mwamuzi tu." Kuanzia siku hiyo Magodfrey wote waliruhusiwa, diwani, mkulima, yule wa mamba, na taya halikusimama kwa hata mmoja. Koku alifurahi, alisema baba amelainika. Mimi niliona kitu kibaya zaidi. Niliona ameifunga ile hesabu, jina limekuwa la watu tu, na chumba alichokuwa akijifungia na mwanawe sasa kiko wazi na hakina mtu. Nilimchukia kuliko mwanzo. Nilianza kufungasha, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimeshaondoka. Mzee alifariki mwaka uliofuata, na wale wawili hawakuonana tena.

Watu wa msibani walitaka niseme kwamba mzee moyoni alikuwa mwema. Sisemi. Nasema lililotokea, na nililisema kwa Idrisa pale kwenye viti vya plastiki, sahani yake ikipoa magotini.

"Hakukutaja," nikamwambia. "Lakini siku moja, nikiwa nimebakiza siku chache, nilikuwa nasoma habari za bei. Nikafika mahali pameandikwa, mfanyabiashara wa dagaa wa Kamanga aliyefahamika kwa jina moja la Idrisa amesema mvua zimewaharibia dagaa waliokuwa mchangani. Taya likasimama."

Idrisa alikuwa ananitazama mdomoni.

"Akaniambia, 'Jina hilo ruka.' Nikamuuliza, 'Niseme nini, babu?' Akasema, 'Unajua la kusema. Anza upya.' Nikaanza upya. Nikasema, mtu mmoja wa Kamanga amesema mvua zimemharibia dagaa. Mama yako alikuwa amekuja mlangoni na kisu cha ndizi mkononi, amesimama. Mzee akasema, 'Rudia.' Nikarudia. 'Rudia tena, na usikimbie.' Ilikuwa habari fupi, babu yule aliifanya ikamaliza alasiri."

Idrisa aliweka sahani chini. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kulikuwa na kitu, akaivaa. "Mzee mshenzi," akasema. Wapishi walikuwa wanakusanya masufuria, na Koku alikuwa anatuita kutoka mlangoni twende tukasalimie wageni. Hakuinuka.

"Hapo kwenye mvua," akasema. "Hebu rudia."